Nimekitembeza Kiti Bogotá

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefika Bogotá. Mgongo bado uko njiani. Basi limetambaa usiku kucha na asubuhi nzima, na jirani yangu kanikoromea sikioni tangu tuuache mto mpaka stendi. Kiti changu cha kubembea kimesafiri vizuri kuliko mimi — kimefungwa blanketi, kimelazwa peke yake kwenye mizigo, hakuna aliyekilalia begani.

Baridi. Nilipoambiwa kuna baridi nilidhani ni watu wanaopenda kulalamika. Saa sita mchana, wamevaa makoti na skafu, na nyuso zimefungwa kama maduka siku ya uchaguzi. Nyumbani Mompox saa hizi hata mbwa hawabweki, joto limewanyima nguvu. Nimevaa sweta zangu mbili, moja juu ya nyingine. Ya tatu sina.

Nyumba ya wageni ni ya Bwana Abelardo, mzee mwembamba mwenye adabu nyingi mno. Kaomba radhi kwa ajili ya ngazi. Kaomba radhi kwa ajili ya mvua. Kaomba radhi kwamba maji ya moto huja yanapotaka yenyewe. Kiti hakunisaidia kukibeba, ila aliniomba radhi mpaka ghorofa ya tatu. Chumba kinatosha vitu viwili kati ya vitatu: kitanda, mimi, kiti. Kwa hiyo kiti kiko juu ya kitanda, na mimi niko juu ya kiti, ndipo ninapoandikia. Nikibembea kidogo, kitanda kizima kinalia.

Nimempigia mume wangu, Wilfrido. Yule bwana wa viti vya plastiki kapita tena nyumbani. Anaitaka karakana iwe stoo yake — ina paa zuri, iko karibu na gati, nani asiyeitaka. Wilfrido kasema nikirudi na oda ya hoteli, atanyamaza mpaka azikwe. Nikirudi bila oda, Jumatatu anampa funguo. Karakana ya baba yangu! Humo ndimo alimonifundisha kusuka henzirani kichwa changu kikiwa hakijafika hata kwenye meza. Na funguo anazigawa mkwe.

Mume wangu hana roho mbaya. Amechoka tu. Viti vya kubembea vimejaa mpaka jikoni kwetu na mnunuzi wa mwisho alikuja akanunua kofia kwa jirani. Nimemwambia asinywe soda za yule mtu. Kasema keshakunywa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikao cha kwanza. Nimeenda na kiti kichwani, miguu juu, kama tunavyovibeba kwetu. Njia nzima watu wananipisha na kuniomba samahani. Hapa wanaomba samahani kwanza, ndipo wanakukanyaga.

Ofisi za hoteli ziko kwenye jengo la vioo. Mlinzi wa mlangoni kanipa beji ya mgeni. Halafu akakitazama kiti, akafikiri, akakipa na chenyewe. Tukapanda lifti, wageni wawili.

Halafu hili la udaktari. Mwenye tai, daktari. Mwenye viatu virefu, daktari. Aliyeleta kahawa alimwita daktari yule aliyekuja kurekebisha taa. Mgonjwa akianguka hapa sijui atajuaje amwite nani. Anayenunua vitu vya hoteli ni Daktari Consuelo Umaña. Mwanamke wa umri wangu, nywele hazitikisiki, mikono baridi. Hajatibu mtu hata mafua.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Wanajenga hoteli Cartagena, yenye baraza ghorofa zote, na barazani wanataka viti vya kubembea. Alikizunguka kiti. Akapitisha kidole kwenye usukaji, akauliza nani kasuka. Nikasema mimi. Akatazama vidole vyangu, nikaona ameniamini.

Halafu akakisukuma. Kwa kidole kimoja, kiti kitupu, ili aone kinavyokwenda. Kikaanza kubembea peke yake katikati ya ofisi.

Sikufikiri. Mguu ulikwenda wenyewe. Nilikikanyaga kile kipande cha chini kinachobembea, kwa nguvu, ukucha mmoja tu kutoka kwenye kiatu chake. Kiti kikasimama. Ofisi nayo ikasimama.

Nikajieleza. Kwamba kwetu kiti kitupu hakibembezwi. Ukikibembeza unamwita mtu aje akikalie, na anayeitika haji kunywa kahawa, anakuja kuchukua mmoja wa nyumba. Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua hivyo. Mama zetu wametufinya kwa hilo kabla hatujajua kusema. Nilivyokuwa naeleza nikajisikia mwenyewe, pale kwenye vioo, kwenye ghorofa ya juu, na beji yangu kifuani.

“Inavutia sana,” akasema Daktari.

Bwana Abelardo kanifafanulia baadaye. Mtu wa hapa akisema inavutia sana, maana yake kitu kimemchosha.

Nirudi kesho saa nane mchana, nionane na wenzake. Kiti nikaomba kilale pale ofisini. Haiwezekani, samahani sana, kitu kisicho cha kampuni hakilali kwenye kampuni. Nimekibeba tena. Mlinzi kazipokea beji zetu zote mbili na kututakia jioni njema.

Alhamisi, 10 Oktoba

Saa nane mchana nilikuwa mapokezi. Saa nane na nusu nikaambiwa kikao kimehamia kesho. Samahani sana, mama. Sana sana. Binti aliinamisha kichwa mpaka nikataka kumpa pole.

Basi. Mchana mzima, mji mkubwa, na kiti kichwani. Kurudi kwa Bwana Abelardo nikakae juu ya kitanda? Nikaamua niutazame mji. Maisha yangu yote nimeuona kwenye runinga tu, na kwenye runinga huwa wanagombana.

Makumbusho ya dhahabu kwanza. Mlinzi kasema kiti hakiingii. Nikamwuliza, anaogopa nitatoka na dhahabu nimeificha wapi, matundu yote ya henzirani yanaonekana. Akacheka kwa aibu, kama amefumaniwa. Tukakubaliana niingie, yeye akilinde. Ndani ni giza na dhahabu, dhahabu na giza. Pete za puani, vinyago, chombo cha kutilia chokaa ya kutafunia majani ya koka. Watu walivaa yote hayo shambani. Mimi pete yangu ya ndoa naivua nikienda kuosha vyombo. Nilipotoka mlinzi amekaa kwenye kiti, macho yamefumba nusu, na mlinzi mwenzake amesimama pembeni anasubiri zamu.

“Mama,” akaniambia, “si ungekaa tena ndani kidogo? Kuna ghorofa ya juu hujaiona.”

Nikaenda nikaiona ghorofa ya juu. Dhahabu.

Baadaye uwanja mkubwa, ule wenye kanisa kuu upande mmoja na wabunge upande wa pili. Njiwa kila mahali. Nimeweka kiti katikati, nikakaa. Miguu ilikuwa haina maneno tena. Dakika hiyohiyo akaja polisi. Akaniomba radhi. Akasema kuuza fanicha uwanjani ni marufuku.

“Siuzi, mwanangu. Nimekaa.”

“Kukaa umekaa, mama, lakini kiti ni chako.”

“Nikae kwenye cha nani?”

Alilifikiria hilo kwa uzito. Akaenda kumwuliza mkubwa wake. Mkubwa wake akaja, wakasimama mbele yangu wananitazama nikibembea, na bunge nyuma yao. Mwishowe mkubwa akasema nisimtajie mtu bei, yaani nisikiuze, na kwamba shangazi yake alikuwa na kimoja kama hiki. Kila mtu hapa ana shangazi aliyekuwa nacho. Hakuna hata mmoja mwenye shangazi anayekinunua.

Watu walinipiga picha. Familia moja iliniuliza kama mimi ni maonyesho.

Wilfrido kapiga. Nimemwambia mambo yanakwenda. Akauliza yanakwenda wapi. Nikasema mtandao, nikakata.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo waliketi. Daktari Umaña na madaktari watatu wenye tai. Niliweka kiti mbele yao, na safari hii nikakikalia mwenyewe, ili kidole cha mtu kisipate nafasi.

Daktari wa kwanza aliuliza kama vinaweza kupangwa kimoja juu ya kingine, visichukue nafasi. Nikamwambia anazungumzia sahani. Daktari wa pili aliuliza kama inawezekana kutengeneza kile kile, mbao ile ile, usukaji ule ule, lakini kisibembee. Kwa usalama wa wageni. Nilimtazama nikidhani anatania. Alikuwa na kalamu mkononi, anasubiri jibu. Daktari wa tatu hakuuliza kitu, alikuwa ananitazama nikibembea na macho yake yanakwenda mbele na nyuma pamoja nami. Ningempa robo saa zaidi yule angelala.

Nikajibu vizuri. Nafsi yangu shahidi, nilijibu vizuri, kwa sauti ya chini kama yao, nikasema samahani mara nyingi kuliko nilivyosema kwenye ndoa yangu yote. Nikawaeleza mbao inavyokaushwa, henzirani inavyolowekwa, kwamba vya baba yangu vingine vimekaliwa na vizazi vitatu. Hawakusema hapana. Hapa hapana haisemwi. Walisema watalitazama.

Lini? Baada ya sikukuu. Jumatatu ni mapumziko, na Ijumaa ya kabla ya Jumatatu ya namna hiyo hakuna anayeamua hata rangi ya soksi. Ningejuaje? Nilijua! Nchi nzima inajua. Sikukuu yetu ikiangukia katikati ya wiki tunaisukuma mpaka Jumatatu ili tulale siku tatu mfululizo, na mimi mwenyewe nimezilala zote maisha yangu. Nilipopanga safari nilihesabu basi, nikahesabu sweta, sikukuu nikaisahau. Jumatatu yao ni ya kulala. Jumatatu yangu ni ya funguo.

Niliwaambia nalazimika kuondoka Jumapili jioni. Wakasikitika sana. Wakanipa mikono.

Daktari Umaña kanisindikiza mpaka kwenye lifti. Nadhani alinionea huruma, au kiti. Akasema, “Bi Edilsa, kwangu ni kwako. Pita siku yoyote tunywe chokoleti. Na mama yangu angefurahi mno kukiona kiti hiki.”

Nikamwambia nitapita Jumapili. Ni wapi?

Akabonyeza kitufe. Lifti ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka tena. Kisha akanielekeza, mtaa na nyumba, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Bado ninalo tumaini. Chokoleti si kidogo. Kwetu mtu hakukaribishi nyumbani kwake kwa mama yake kama hana neno la kukwambia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuna ofisi, hakuna kikao, kwa hiyo nimepanda mlimani Monserrate. Siwezi kurudi Mompox niseme nimekaa Bogotá siku zote hizi na Bwana Aliyeanguka, ile sanamu ya Yesu kanisani kule juu, sijamwamkia. Shangazi zangu wangenifungia mlango.

Kiti? Nimeenda nacho. Ningemwachia Bwana Abelardo, lakini jana nilimkuta amekitundikia mashati yanakauka. Aliomba radhi.

Kwenye kile kigari kinachopanda mlima kwa kamba, mkata tiketi alitaka kujua kiti kinalipa kama mtu mzima au kama mzigo. Nyuma yangu foleni ikaanza kutoa maoni. Mmoja akasema kama kinakaliwa basi ni abiria. Mwingine akasema abiria ni yule anayekaa, si kinachokaliwa. Mama mmoja mwenye ruana, lile blanketi lao lenye tundu la kichwa, akasema watu wa pwani ndivyo walivyo, wanakuja na nyumba nzima. Nikamgeukia nikamwambia mimi si wa pwani, mimi ni wa mtoni. Akasema ni kule kule kwenye joto. Kwao nchi ina sehemu mbili, Bogotá na joto. Kiti kimepanda bure.

Juu hakuna hewa. Nimekaa nje ya kanisa, kwenye kiti changu, na mji wote chini. Mkubwa kweli. Hauishi. Nikajaribu kuhesabu baraza, sikuona hata moja. Nyumba zote zile na hakuna mtu aliyetoa kiti nje jioni akakaa mlangoni kuwasengenya wanaopita. Watu wanaishi wamegeuziana mgongo, wanaombana radhi ukutani. Halafu hawa ndio wa kununua viti vya kubembea.

Hapo nikalia kidogo. Nimwambie nani kama si karatasi hii. Nilimwona baba moyoni na ule mkasi wake wa henzirani, na yule wa plastiki anapanga viti vyake vyeupe pale pale, kimoja juu ya kingine, kama sahani. Aliyekuwa karibu aliuliza nina nini. Nikasema baridi.

Watu wengine hupanda mlima ule kwa miguu, na wengine kwa magoti, kwa nadhiri. Mwanamke mmoja alifika amekuwa mweupe midomo. Nikasimama nikamkalisha. Alipotoka akakaa mwingine. Mwisho foleni ya kiti changu ilikuwa ndefu kuliko ya maungamo, na padri alichungulia mara mbili. Kila aliyetoka nilikishika kiti kwa mkono mpaka mwingine akae. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Ndani nilimwambia Bwana Aliyeanguka: wewe ushaanguka, unajua palivyo. Mimi nishike.

Jioni nimemsimulia Bwana Abelardo kwamba kesho nimealikwa kwa Daktari. Aliweka kikombe chini.

“Bi Edilsa. Amekualika, au amekwambia upite?”

“Tofauti ni nini?”

Alitafuta maneno, maskini. Akasema hapa mtu akikwambia pita nyumbani, wewe unasema asante sana, lazima nitapita. Halafu hupiti. Yeye anajua hutapita, wewe unajua anajua, na mnapendana miaka yote. Yeye mwenyewe ana rafiki aliyemkaribisha chakula cha mchana tangu wakiwa vijana. Hajawahi kwenda. Ni rafiki mzuri sana.

Nikamwambia kwetu ukialikwa usipoenda, aliyekualika anakuja kuuliza nani kafa.

“Inavutia sana,” akasema Bwana Abelardo.

Sasa sijui. Nikienda na Bwana Abelardo awe kasema kweli, nitakuwa nimemwaibisha mwanamke mlangoni kwake, na oda ndiyo basi. Nisipoenda, oda ndiyo basi vilevile. Nimelala juu ya kitanda na kiti miguuni kwangu. Nadhani Bwana Abelardo ni mtu mwenye kufuli tatu mlangoni. Kufuli zangu ziko wapi? Sina hata moja.

Nitaenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandikia jikoni kwa Daktari Consuelo Umaña. Polepole, kwa sababu karatasi inalia na tumekatazwa kufanya kelele. Nianze mwanzo.

Asubuhi nimeaga kwa Bwana Abelardo. Begi mgongoni, kiti kichwani. Kanipa mkate wa jibini wa njiani na kuniambia nikipita tena Bogotá, nyumba ni yangu. Nikamwuliza, hii nije au nisije? Akawa mwekundu. Akasema hii uje.

Teksi hakuna. Jumapili wanafunga barabara kuu kwa ajili ya baiskeli, na mji wote unashuka barabarani na kaptula. Sikuwa na njia nyingine, nikaingia katikati yao. Baiskeli huku, baiskeli huku, mbwa kwenye vikapu, wazee wamevaa nguo za kubana ambazo wake zao wangepaswa kuwaambia ukweli. Mimi na kiti kichwani nikienda mwendo wangu. Mmoja akapiga kelele kwamba upande wa fanicha ni wa kulia. Nikahamia kulia. Jua likatoka, nikavua sweta moja. Kwa mara ya kwanza mji huu ukanichekesha vizuri, nikasahau kidogo kinachonipeleka.

Nyumba ya matofali, maua kwenye madirisha, geti. Nikabonyeza kengele.

Alifungua mwenyewe. Malapa. Sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Nywele zimelala upande mmoja. Bwana Abelardo alikuwa amesema kweli tupu, niliiona kweli yenyewe ikimpita Daktari usoni kuanzia paji mpaka kidevu. Tukabaki tunatazamana. Ningeweza kusema nilikuwa napita tu. Na kiti kichwani.

“Bi Edilsa,” akasema. “Umekuja.”

“Uliniambia nipite.”

“Nilikwambia.” Akashika nywele zake. “Samahani sana. Nyumba iko ovyo. Mama hajalala. Hatujalala. Sisi…”

Na hapo ndani ikasikika sauti ya mwanamke mzee, inakwaruza, kali: “Consuelo! Nani huyo unamsimamisha nje na uso wa kumfukuza?”

Ni mama yake, Bi Hersilia. Akaja na fimbo yake, koti la kulalia, mdogo kama kinda na macho ya mtu anayegombana tangu alfajiri. Hakuniamkia. Alikitazama kiti. Akaniambia nikishushe, shingo yangu si ya kukodi. Nikakiweka sebuleni, karibu na dirisha. Daktari akaanza kusema mama, nyonga yako, daktari — wa kweli, nadhani — alisema usikae kwenye kitu kinachocheza. Bi Hersilia akasema huyo daktari akakae yeye kwenye hicho chake cha chuma. Nikakishika kiti kwa mikono miwili, akashuka kidogo kidogo. Akakaa.

Akasukuma kwa kidole cha mguu. Mara moja. Mara ya pili. Akaegemeza kichwa kwenye usukaji wangu. Aliniuliza kama huko kwetu bado kuna wanawake wanaojua kazi hii au nimewamaliza wote. Nikasema nimebaki mimi na binamu mmoja mvivu. Akasema “hm.” Akabembea. Tulikuwa bado tumesimama, mimi na Daktari, tunasubiri neno linalofuata, na neno halikuja. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia.

Daktari akanishika kiwiko akanivuta jikoni kwa ncha za vidole.

Akanong'ona kwamba mama yake halali. Tangu avunjike nyonga halali, si usiku, si mchana, anatembea korido nzima na fimbo, na yeye anatembea nyuma yake asianguke, na asubuhi anachana nywele anakwenda ofisini. Alivyokuwa anasema akawa anachemsha chokoleti, akaisahau mpaka ikafurika, nikamnyang'anya sufuria. Nikakoroga mimi. Akakaa kwenye kiti cha jikoni kwake mwenyewe kama mgeni. Nilimwomba radhi kwa kuja. Kwa dhati, si ya kibogotá. Akasema asiombe radhi mtu humu ndani leo, atachoka.

Tukanywa chokoleti tumetumbukiza jibini, ndivyo wanavyoinywa huku, tukinong'ona. Aliniuliza kweli anakuja mtu ukikibembeza kitupu? Nikasema sijui, sijawahi kusubiri kuona. Akacheka kwa pua, akajiziba mdomo. Kuhusu oda hakusema. Sikuuliza. Jikoni kwa mtu, na mama yake amelala — kuna vitu hata mimi siviwezi.

Basi langu ni saa kumi na mbili. Kiti kiko chini ya Bi Hersilia. Nikimwamsha nichukue mali yangu, sina haki ya kuitwa binti wa mtu. Nikikiacha, narudi kwa Wilfrido bila oda na bila kiti. Saa ya ukutani inapiga kelele mno, Daktari kaivisha kitambaa.

Nimeacha kuandika kidogo, kumetokea jambo. Bi Hersilia kaamka. Alitaka maliwatoni. Hakutaka kushikwa. Daktari alikwenda nyuma yake mpaka mlangoni, mlango ukafungwa usoni pake. Mimi nilikuwa nimesimama hapa kizingitini. Na kiti, kule dirishani, alivyotoka mzee kwa kishindo, kimebaki kinakwenda. Kitupu. Mbele, nyuma.

Nilinyanyua mguu. Sikufika. Daktari alivuka sebule yake na malapa, haraka, akakishika mkono wa kiti. Kikasimama. Hakunitazama. Alibaki amekishikilia hivyo hivyo, vidole vimegeuka vyeupe, mpaka maji yakavutwa chooni na mama yake akasema kwa ndani, kwa sauti ya kusikika mtaani, asikiguse mtu kiti chake.

Sasa Bi Hersilia kakikalia tena. Analala tena. Daktari kaniambia nisubiri, kachukua simu yake, kaingia chumba cha pili na kurudishia mlango. Namsikia. Anasema samahani sana, daktari, najua ni sikukuu, najua uko na familia. Kimya. Anasema samahani tena. Anasema hapana. Kasema hapana! Hapa! Hapana, daktari, oda ya viti haiwezi kusubiri mpaka Jumanne.

Na kwenye begi langu simu inatetemeka. Ni Wilfrido. Nimeikalia.